Ubao Haupai, Mikono Inachoka: Tafuta Kosa Kwenye Bawa, Ubao na Foili Kabla ya Kununua Kingine

Malalamiko ya watu wanaoteleza juu ya foili wakiwa na bawa mkononi yanafanana kila mahali. Ubao haupai. Unapaa, kisha unakurusha. Upepo upo wa kutosha, lakini kila safari inaishia upande wa demani na kurudi kwa miguu ufukweni. Wengi hukimbilia kununua bawa kubwa zaidi, na mara nyingi bawa halikuwa na kosa lolote. Kosa liko chini ya maji: pezi lisilolingana na uzito wa mtu, mlingoti uliofungwa nyuma mno, skrubu iliyolegea. Kwa hiyo tutakwenda kwa dalili. Kila moja inaanza na sababu inayoonekana mara nyingi zaidi, na ununuzi unakuja mwisho.

Tuelewane majina kwanza. Bawa ni lile la kujaza hewa unalolishika mikononi. Lina mrija wa mbele na mrija wa kati, na kila mrija una tyubu ndani. Foili ni mkusanyiko wote ulio chini ya ubao: mlingoti, mhimili uliolala mwishoni mwake, pezi kubwa la mbele na pezi dogo la nyuma. Omo ni mbele ya ubao, tezi ni nyuma. Joshi ni upande unakotoka upepo, demani ni upande unakoelekea. Kupaa ni ubao kuinuka juu ya maji ukibebwa na foili. Noti 1 ni takriban kilomita 1.85 kwa saa.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukisogeza mlingoti, ukabadili pezi la nyuma na kuchukua bawa jingine siku hiyohiyo, hutajua ni kipi kilichosaidia na ni kipi kilichoharibu.

Ukaguzi wa nchi kavu

Anza na hewa ndani ya bawa. Kiwango chake kimechapwa karibu na valvu, na kwa mabawa mengi kiko kati ya PSI 6 na 10. Mrija wa kati wakati mwingine hutaka zaidi ya ule wa mbele. Tumia pampu yenye geji, usikisie kwa kubonyeza kidole. Mrija uliolegea hupinda katikati upepo unapokaza, umbo la bawa linaharibika, na nguvu uliyoitegemea inapotea. Joto nalo lina mambo yake: bawa lililojazwa sawasawa kisha likaachwa juani huzidi kiwango, na likiingia kwenye maji baridi hupungua.

Kisha foili. Pindua ubao ili foili ielekee juu. Shika ncha mbili za pezi la mbele, utikise taratibu kushoto na kulia, halafu juu na chini. Ukihisi mchezo wowote, hata mdogo sana, mwombe mtu aendelee kutikisa, nawe uweke kidole juu ya kila kiungo: pezi na mhimili, mhimili na mlingoti, mlingoti na bamba lake, bamba na ubao. Kiungo chenye kosa utakisikia chini ya kidole kabla jicho halijakiona. Fungua hapo, ondoa mchanga wote, paka grisi ya baharini kwenye nyuzi za skrubu, kisha kaza upya, kidogo kidogo kwa zamu. Usiimalize skrubu moja kabla hujagusa nyingine.

Mwisho, tazama mahali mlingoti ulipofungwa. Mbao nyingi zina reli mbili sambamba chini yake, zikiwa zimeachana milimita 90 kutoka katikati hadi katikati. Weka alama ya utepe pale bamba lilipo leo. Ukilisogeza mbele, omo inainuka kwa urahisi zaidi. Ukilirudisha nyuma, omo inatulia. Sentimita 1 inatosha kwa jaribio moja.

Dalili: ubao haupai, au unachelewa sana kupaa

Sababu ya kwanza ni upepo na ukubwa wa bawa, na hapa hesabu husaidia kuliko hisia. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Upepo wa noti 17 una nguvu mara mbili ya ule wa noti 12. Ndiyo maana bawa la mita 5 za mraba linalomtosha mtu wa kilo 75 kwenye noti 17 linamwacha amekaa juu ya maji kwenye noti 12, na hakuna kifaa kilichoharibika. Kama maji hayana hata vipovu vyeupe vya hapa na pale, usianze kulaumu foili.

Upepo ukiwa mzuri, angalia foili ilivyofungwa. Pezi la nyuma lililofungwa juu chini ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyodhani, hasa baada ya foili kusafirishwa vipande vipande. Linganisha na picha ya mtengenezaji, kwa sababu mapezi mengine ya nyuma hufungwa juu ya mhimili na mengine chini yake. Pia kuna vipande vyembamba vya plastiki vinavyobadili pembe ya pezi hilo. Kikiwekwa kinyume, foili inang'ang'ania kubaki chini. Vyote vikiwa sawa, sogeza mlingoti mbele sentimita 1, ujaribu.

Baada ya hapo ndipo ukubwa wa pezi la mbele unapoingia. Nguvu ya kuinua nayo hufuata mraba wa kasi. Ukitoka kwenye pezi la sentimita 1,800 za mraba kwenda la 900 lenye umbo lilelile, kasi ya kupaa lazima iongezeke kwa karibu asilimia 40. Kwa anayejifunza mwenye uzito wa wastani, pezi la kati ya 1,500 na 2,000 linampa muda wa kusimama, kupanga miguu na kupaa bila haraka. Mtu aliyevutiwa na pezi jembamba na refu la wenye kasi, huku bado anainuka kwa kubahatisha, atateseka bure. Mapezi ya namna hiyo huteleza mbali sana yakishashika kasi, lakini kwenye mwendo mdogo huachia maji bila onyo.

Ubao ni wa mwisho kwenye orodha hii, ingawa una uzito wake. Lita 1 ya ujazo hubeba takriban kilo 1. Anayeanza anahitaji lita 30 hadi 40 juu ya uzito wa mwili wake, hivyo mtu wa kilo 75 atafute lita 105 hadi 115. Lakini lita peke yake hudanganya. Mbao mbili zenye ujazo mmoja, moja fupi na pana, nyingine ndefu na nyembamba, huondoka majini kwa namna tofauti kabisa. Ile ndefu hukata maji na kupata kasi mapema, na kwa mwenye upepo mdogo ningeshauri aibadili hiyo kabla ya kuongeza mita ya bawa. Gharama yake ni kwamba inayumba zaidi kushoto na kulia ukiwa umesimama tu.

Dalili: unapaa vizuri, kisha omo inarushwa juu kasi ikiongezeka

Hii inatisha, na inawafanya watu wengi waogope kasi moja kwa moja. Angalia miguu kwanza. Mguu wa nyuma ukiwa nyuma ya mlingoti, kila unapokaza mwili unaisukuma omo juu. Uusogeze mpaka uwe juu ya mlingoti au mbele yake kidogo. Kama bado unalazimika kuegemea mguu wa mbele kwa nguvu zote, rudisha mlingoti nyuma sentimita 1.

Isiposaidia, pezi la mbele ni kubwa mno kwa kasi unayokwenda. Pezi lililokuinua ukiwa na noti 8 lina uwezo wa kuinua mara nne ya hapo ukifika noti 16, na wewe uzito wako haujabadilika. Lazima ulishushe kwa mguu wa mbele, na nguvu hiyo yote ni mapambano yasiyo na faida. Hapa kununua pezi dogo zaidi kuna sababu ya kweli. Shuka kwa hatua: kutoka 1,800 kwenda 1,300 au 1,400, si kwenda 800.

Kuna jambo la katikati ambalo wengi hulipita: pembe ya pezi la nyuma. Pezi hilo husukuma tezi chini ili omo isizame. Ukipunguza pembe yake kwa nusu digrii kwa kipande cha plastiki, msukumo huo unapungua, mzigo wa mguu wa mbele unapungua nao, na foili inakwenda kasi zaidi kwa sababu kuna ukinzani mdogo. Utapoteza utulivu kiasi. Badiliko la nusu digrii utalisikia tangu mita za kwanza, kwa hiyo usianze na digrii nzima.

Foili ikipanda na kushuka mfululizo kama mtu anayepanda vilima, na hakuna skrubu iliyolegea, fikiria mhimili mrefu zaidi au pezi la nyuma kubwa zaidi. Vyote viwili hutuliza mwendo wa omo, na vyote viwili hufanya kona ziwe nzito.

Dalili: unakwenda vizuri, ghafla unaanguka kama sakafu imeondolewa

Karibu kila mara ni hewa iliyoingia kwenye foili. Ncha ya pezi la mbele ikichungulia nje ya maji, hewa hufyonzwa juu ya pezi na nguvu ya kuinua hukatika papo hapo. Teleza ubao ukiwa karibu zaidi na maji. Hakikisha sehemu ya mlingoti imebaki majini, hasa unapoinama kuelekea joshi, maana ubao ukilala, ncha ya upande wa demani huinuka.

Ukaguzi wa pili ni mwani. Jani moja lililojikunja mbele ya mlingoti linatosha kuleta mtetemo na kuanguka. Baadaye pitisha kidole kwenye ukingo wa mbele wa mapezi. Mikwaruzo ya mawe inayoshika ukucha hualika hewa; isuguliwe kwa msasa laini wa maji, namba 600 kwenda juu, mpaka ukucha upite bila kukwama.

Unaangukia palepale kila mara kwenye mawimbi? Mlingoti wako ni mfupi. Wa sentimita 60 hadi 70 ni mzuri kwa kujifunza kwenye maji tulivu. Penye viwimbi vya nusu mita, 80 hadi 85 hukupa nafasi ya kukosea bila pezi kutoka nje. Lakini pima kina cha maji yako kwanza, kwa sababu mlingoti mrefu unaogonga chini kwenye kasi unaweza kuvunja reli za ubao na kukurusha juu ya foili yenyewe. Vaa kofia ngumu na jaketi la kukinga mbavu unapojaribu pezi au mlingoti mpya, hata kama wewe ni mzoefu.

Dalili: foili inalia au kupiga mluzi

Skrubu kwanza, mwani pili. Vikiwa safi, ukingo wa nyuma wa pezi umeliwa au ni mnene mno. Usugue taratibu kwa msasa namba 400, upande mmoja tu, kwa mshazari, kisha ujaribu. Mluzi wenyewe hauna madhara. Mtetemo unaousikia miguuni ni kitu kingine, na huo usiupuuze.

Dalili: ubao unavuta upande mmoja

Chukua uzi usionyumbulika. Pima kutoka ncha ya kulia ya pezi la mbele hadi katikati ya tezi ya ubao, kisha kutoka ncha ya kushoto hadi palepale. Zikitofautiana kwa milimita kadhaa, kuna punje ya mchanga ndani ya kiungo au skrubu zimekazwa bila usawa. Fungua, safisha, funga upya. Tofauti ikibaki, mlingoti au mhimili umepinda; wa alumini uliopinda haunyooshwi nyumbani, ubadilishwe.

Dalili: huwezi kupanda joshi

Hapa watu hupoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote, basi twende polepole.

Pima mkondo wa maji kabla ya kitu chochote. Kaa juu ya ubao, bawa likiwa limelala majini, chagua mti au nguzo ufukweni, utazame unapelekwa wapi kwa dakika mbili. Mkondo ukiwa unakuvuta kuelekea demani, vifaa vyako vinaweza kuwa sawa kabisa.

Sababu ya pili ni bawa kubwa mno. Wengi hawaiamini, lakini ni kweli. Bawa lililozidiwa na upepo hulazimika kulegezwa muda wote, na bawa lililolegezwa linavuta kuelekea demani bila kukusogeza mbele. Ukiona kitambaa kinapigapiga na mkono wa nyuma hauthubutu kuvuta, shuka saizi moja. Kutoka mita 5 kwenda 4 unapunguza sehemu moja kati ya tano ya nguvu takriban, na upepo ukipanda kutoka noti 18 hadi 20 tu, karibu nguvu yote hiyo imerudi.

Kisha uangalie namna unavyolishika. Bawa lililolala juu ya kichwa linakubeba, halikusukumi. Lisimamishe zaidi, mkono wa mbele uwe mbele yako, utazame kule unakotaka kwenda.

Baada ya hayo, foili. Pezi nene na fupi lina ukinzani mkubwa, na ukinzani ndio adui wa kubisha, yaani kupanda joshi. Kwa anayepaa bila shida kila jaribio, pezi la ukubwa uleule wa eneo lakini refu na jembamba zaidi litampandisha joshi kuliko bawa lolote jipya. Mabadiliko haya ndiyo ninayoyaheshimu kuliko yote kwa mtu aliyemaliza kujifunza. Pezi refu hata hivyo linaupinda mlingoti zaidi. Ukilifunga kwenye mlingoti laini utahisi foili inajisokota kwenye kona na kuchelewa kukuitikia, hivyo anza na mlingoti mgumu kama unaweza kumudu kimoja tu kati ya viwili.

Bawa lililochakaa linakuja mwisho. Kitambaa kilichotanuka kina mikunjo inayotoka kwenye mrija wa kati kuelekea ukingo wa nyuma, hata mirija ikiwa imejaa. Bawa kama hilo bado linafaa kufundishia.

Dalili: mikono inachoka kabla ya miguu

Kwa kawaida vishikio vinabanwa kwa nguvu mno, au mikono imekaribiana. Panua mikono, ukunjue vidole kila unaposhika mwendo. Kuchoka kukiendelea, tumia mkanda wa kiunoni wenye ndoano. Kamba yake ifungwe mahali ambapo, ukiachia mikono kwa nukta moja, bawa linabaki mahali pake. Likivuta mbele, sogeza kamba mbele. Likizungukia nyuma, irudishe nyuma.

Mtu mfupi anayechoka kwa sababu ncha za bawa la mita 6 zinagusa maji kila mara atafute la 5, kisha afidie kwa pezi kubwa zaidi au ubao mrefu.

Dalili: bawa linalegea ukiwa majini

Mchanga ndani ya valvu ndio chanzo cha kwanza. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, ukague kifuniko na mpira wake. Halafu paka maji ya sabuni kwenye valvu na kwenye bomba dogo linalounganisha mirija miwili, utazame vipovu. Pasipo na vipovu, jaza bawa usiku na ulitazame asubuhi: mrija uliolegea ndio wenye tundu, mradi umefunga njia kati ya mirija hiyo. Toa tyubu, izamishe majini, weka alama, ziba kwa kiraka.

Ila mshono wa mrija wa mbele ukiwa umeanza kufumuka, usijaze tena hata kidogo. Tyubu haina nguvu yake yenyewe. Inashikiliwa na kitambaa, na itapasuka hapo hapo. Mpelekee fundi wa kushona matanga.

Pale pa kuacha na kumwita fundi

Skrubu iliyoganda ni ya kwanza. Chuma cha pua na alumini, vikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, hulika na kushikana. Kaboni na alumini vivyo hivyo. Kinga yake ni kufungua foili baada ya kutumia, kuosha kwa maji yasiyo na chumvi na kupaka grisi. Ikishaganda, weka mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku kucha, ujaribu kwa bisibisi inayoingia sawasawa bila kucheza. Kichwa kikianza kuliwa, acha. Usitumie moto karibu na kaboni au ubao, kwa sababu joto hulegeza epoksi, gundi inayoshikilia kila kitu.

Ubao uliokuwa mwepesi na sasa mzito umeingia maji. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka reli na mahali unaposimama. Panapobonyea, tabaka limeachana na povu la ndani. Kuziba ufa kwa nje wakati maji yamo ndani kunayafungia humo. Ubao unapaswa kukaushwa kwanza, na kazi ya kuzunguka reli ni ya fundi wa mbao za majini peke yake, kwa sababu hapo ndipo uzito wako wote unapopita. Kama una skrubu ya kupumulia, ifungue unapousafirisha au kuuacha kwenye joto, uifunge kabla ya kuingia majini.

Mlingoti wa kaboni wenye ufa, hata mwembamba kama unywele, hasa karibu na bamba au mhimili, usiingie nao majini tena. Mwangaza wa tochi ulalie kando ya mlingoti, uuzungushe taratibu. Ufa hutupa kivuli, mkwaruzo wa rangi hautupi. Ukikuta kivuli hicho ukiwa tayari mbali na ufukwe, usipae tena. Lala kifudifudi juu ya ubao, bawa likiwa limepinduliwa nyuma yako, upige makasia kwa mikono, na usiuache ubao.